Mchanga Husafiri: Jinsi Pwani Inavyojengwa na Kubomolewa

Kwenye ramani, pwani ni mstari. Upande mmoja ni nchi kavu, upande wa pili ni bahari. Lakini wanaoishi ufukweni wanajua kwamba mpaka huo hautulii. Mnazi uliokuwa mbali na maji enzi za babu leo mizizi yake iko nje. Mahali pengine mambo ni kinyume: ngazi zilizojengwa kuteremkia baharini sasa zinaishia kwenye mchanga, na maji yamekwenda mbali.

Mabadiliko haya yanagusa maisha moja kwa moja. Nyumba zinapotea, makaburi yanafukuliwa na mawimbi, visima vinageuka chumvi, na wavuvi wanakosa mahali pa kupandishia vyombo. Watu wanapohangaika kujiokoa, mara nyingi hufanya jambo la haraka ambalo huongeza tatizo, au hulihamishia kwa jirani.

Makala hii inaeleza jinsi pwani inavyofanya kazi, kwa kutumia mifano ya Tanzania na Kenya. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: ufukwe ni mchanga ulio safarini. Hudumu pale tu mchanga unaoingia unapolingana na ule unaotoka. Anayechukua au kuzuia mchanga mahali pamoja, anampunguzia mwingine ufukwe wake.

NGUVU ZINAZOFANYA KAZI UFUKWENI

Mawimbi

Mawimbi hutokana na upepo unaovuma juu ya bahari. Upepo ukivuma kwa nguvu, kwa muda mrefu na juu ya eneo pana la maji, mawimbi huwa makubwa. Wimbi likifika kwenye maji ya kina kifupi hukwama chini, huinuka na kuvunjika. Maji yake hupanda ufukweni yakiwa yamebeba mchanga, kisha hurudi.

Katika siku za mawimbi madogo, maji yanayopanda huwa na nguvu kuliko yanayorudi, kwa hiyo mchanga huachwa juu na ufukwe hunenepa. Siku za dhoruba, maji yanayorudi ndiyo yenye nguvu, na mchanga hukokotwa kwenda chini baharini. Ndiyo maana ufukwe unaweza kukonda ndani ya usiku mmoja na kuchukua miezi kujaa tena. Kukonda kwa msimu si ugonjwa. Ugonjwa ni pale ufukwe unapokonda mwaka huu, na mwaka unaofuata, bila kurudi ulivyokuwa.

Maji kujaa na kupwa

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufikia kati ya mita 3 na 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo.

Hii ina maana kwamba mawimbi hayapigi mahali pamoja daima. Hatari kubwa ni dhoruba inapokutana na bamvua. Hapo mawimbi hufika mahali ambapo kwa kawaida hayafiki.

Kusi na kaskazi

Pepo za msimu ndizo zinazoamua mchanga uende upande gani. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba huvuma kusi, na mawimbi yake hufika kutoka kusini mashariki. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na mawimbi hutoka kaskazini mashariki.

Wimbi haliji ufukweni likiwa limenyooka. Huja kwa mshazari. Hupandisha chembe za mchanga kwa mshazari, halafu maji yanaporudi huziteremsha moja kwa moja. Kila wimbi husogeza chembe hatua ndogo upande mmoja, nayo mawimbi hayachoki. Kwa njia hii mchanga mwingi sana husafiri kando ya pwani kila mwaka. Wakati wa kusi huelekea zaidi kaskazini, na wakati wa kaskazi huelekea kusini. Kwa kuwa kusi ni refu na lina nguvu zaidi, sehemu nyingi za pwani ya Tanzania hupeleka mchanga kaskazini, hesabu ya mwaka mzima ikifanywa.

JINSI BAHARI INAVYOCHONGA NA KUJENGA

Bahari hufanya kazi tatu: hubomoa, hubeba na hulundika.

Kubomoa. Maji yakigonga jiwe, hewa hubanwa kwenye nyufa na kulipasua kidogo kidogo. Mawimbi pia hurusha mchanga na kokoto kwenye jiwe na kulisaga. Jiwe la matumbawe, ambalo ndilo limejaa pwani yetu, huyeyushwa polepole na maji, na wadudu wa baharini hulitoboa. Matokeo yake ni mlio mrefu chini ya jabali, kwenye usawa wa maji. Mlio ukiingia ndani sana, sehemu ya juu huanguka na jabali hurudi nyuma. Visiwa vidogo vyenye umbo la uyoga vinavyoonekana Watamu vimechongwa hivyo.

Kubeba. Vipande vilivyobomolewa husagwa na kusafirishwa. Matope mepesi huelea na kwenda mbali. Mchanga hutembea karibu na chini. Mawe hubiringishwa siku za dhoruba tu.

Kulundika. Mahali ambapo nguvu ya maji hupungua, mzigo hutuliwa. Mawimbi hujikunja kuelekea kwenye rasi na kuipiga pande zote, lakini ndani ya ghuba hutawanyika na kutulia. Ndiyo sababu rasi nyingi ni za mawe matupu na ghuba zina mchanga. Mchanga unaosafiri ukifika kwenye mdomo wa mto au hori hujenga ulimi mrefu mbele yake. Ukituliwa juu ya mwamba baharini huwa fungu. Jina la Fungu Yasini, karibu na Dar es Salaam, linatukumbusha kwamba wazee walitofautisha kisiwa cha jiwe na lundo la mchanga. Upepo nao huchukua mchanga mkavu na kujenga vilima, kama vile vya Mambrui na Shela.

PWANI YETU ILITOKEAJE?

Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Matumbawe yalikua mahali ambapo sasa ni nchi kavu. Bahari iliposhuka, matumbawe yale yalibaki yakawa jiwe. Ndilo jiwe tunaloliona kwenye majabali ya Mombasa na Unguja, na ndilo lililojenga misikiti ya kale na nyumba za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe.

Baadaye dunia ilipoa sana. Maji mengi yaliganda kuwa barafu huko kaskazini na kusini mwa dunia. Yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko sasa. Unguja na Mafia zilikuwa zimeungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara ni wa kina kirefu mno.

Wakati huo mito ilichimba mabonde marefu kuifuata bahari iliyokuwa mbali. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda ikayafunika mabonde hayo. Ndivyo zilivyotokea hori na bandari zetu: Kilindini, Mtwapa, Kilifi na bandari ya Dar es Salaam. Pia, kwa kuwa matumbawe hayapendi maji baridi ya mto wala matope, mwamba haukukua mbele ya midomo ya mito. Nafasi zilizoachwa wazi ndiyo milango ambayo majahazi na meli hupita hadi leo.

Somo ni kwamba pwani haijawahi kusimama. Tofauti ya leo ni kwamba watu wengi wameshajenga pembeni yake, na mikono yetu imeanza kuharakisha mabadiliko.

MCHANGA UNATOKA WAPI?

Mchanga wa pwani yetu una asili mbili kubwa.

Wa kwanza hutoka bara. Mvua humomonyoa miamba na udongo, na mito huuleta baharini. Huu mara nyingi ni wa kahawia au wa kijivu. Rufiji, Pangani, Wami, Ruvu, Ruvuma, Tana na Sabaki zote hubeba mzigo huu. Rufiji imebeba mwingi kiasi cha kujenga delta, ambamo umeota msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki.

Wa pili hutengenezwa baharini. Huu ni mweupe, kama ule wa mashariki ya Unguja. Ni vipande vya matumbawe, makombe na mimea ya baharini yenye chokaa. Mmoja wa watengenezaji wake wakubwa ni pono. Samaki huyu, anayesifika kwa usingizi, akiwa macho ni mchapakazi kweli. Hutafuna jiwe la matumbawe kwa mdomo wake mgumu ili apate mwani ulioota juu yake, husaga, kisha hutoa mchanga safi. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Kwa hiyo mwamba ukifa na pono wakiisha, kiwanda cha mchanga mweupe kinafungwa.

Kila jamii ya pwani inapaswa kujua mchanga wake ni wa asili ipi. Chota kiganja kimoja, utandaze juu ya karatasi, utazame. Ukiona vipande vya makombe na matumbawe, ufukwe wako unategemea afya ya mwamba. Ukiona chembe za mawe ya bara, unategemea mto.

HESABU YA MCHANGA: MIFANO MITATU

Ufukwe una hesabu kama duka. Kuna kinachoingia na kinachotoka. Tazama mifano hii.

Malindi: mchanga uliozidi

Mto Sabaki hutoka kwenye nyanda za juu za Kenya na kuingia baharini kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Katika karne ya 20 mashamba yalipanuka huko juu, vilima vikabaki bila miti, na mvua zikaanza kuchukua udongo mwingi. Matumbawe ya Malindi yenyewe yametunza kumbukumbu. Tumbawe moja lenye umri wa miaka 300 hivi lilipochunguzwa, tabaka zake zilionyesha kwamba udongo uliofika baharini uliongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Wakati wa kaskazi, mzigo wa Sabaki husukumwa kusini kuingia ghuba ya Malindi. Matokeo yake ufukwe umepanuka, na majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Mtu anaweza kudhani hiyo ni faida tupu. Lakini udongo huohuo huchafua maji na kuyasumbua matumbawe, na ule uliofika baharini ni rutuba ambayo mkulima wa bara ameipoteza. Kutokuweka matuta shambani Machakos kunaweza kuonekana Malindi.

Kunduchi: mchanga uliopungua

Kaskazini mwa Dar es Salaam, ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa kwa miongo mingi. Hoteli ya Africana, iliyokuwa maarufu, iliishia kuachwa baada ya bahari kula ufukwe wake. Watafiti walitaja sababu kadhaa zinazosaidiana. Mchanga wa kujengea ulichimbwa kwenye mito midogo inayolisha ufukwe huo, kama vile Mbezi na Tegeta. Uvuvi wa baruti uliharibu miamba iliyokuwa ikivunja mawimbi. Mikoko ilikatwa.

Jiji lilipokua, kila lori la mchanga wa mtoni lilijenga nyumba ya mtu, na hakuna ubaya katika kujenga nyumba. Lakini mchanga ule ulikuwa njiani kwenda Kunduchi. Haukufika.

Baadaye kuta fupi zilijengwa kutoka ufukweni kuingia baharini ili kukamata mchanga unaosafiri. Kuta kama hizi hukamata mchanga upande unakotokea, na ufukwe wa hapo hupanuka. Lakini upande wa pili hubaki na njaa. Mwenye eneo la kaskazini yake hulazimika kujenga ukuta wake, na jirani wa mbele vivyo hivyo. Tatizo haliishi, linahama.

Maziwe: kisiwa kilichotoweka

Baharini mkabala na Pangani kulikuwa na kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Maziwe. Kilikuwa na mivinje, na kasa walikitumia sana kutagia mayai. Kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1975. Lakini tangazo halikuzuia mawimbi. Hadi kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa na kuzama yanapojaa. Kasa wamekataa kulisahau. Mayai wanayotaga huko huhamishwa na watu hadi ufukwe wa bara, la sivyo maji yangeyafunika.

Kisiwa cha mchanga kina hesabu ndogo sana. Mimea ikiondoka hakuna kinachoshika mchanga, na mchanga ukiondoka hakuna mahali pa mimea kuota tena.

WALINZI WANNE WA PWANI

Pwani iliyo salama ina walinzi wanaosaidiana, kuanzia baharini hadi nchi kavu.

• Mwamba wa matumbawe. Huu ni ukuta wa kwanza. Mwaka 2014 watafiti waliolinganisha vipimo kutoka sehemu nyingi za dunia walionyesha kwamba miamba hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Mwamba huvunjwa na baruti, nanga na nyavu za kukokota. Joto la bahari nalo huua matumbawe, kama ilivyotokea kwa kiasi kikubwa mwaka 1998.

• Nyasi bahari. Hizi huota kati ya mwamba na ufukwe. Majani yake hupunguza mwendo wa maji na mizizi yake hushika mchanga. Zinazosukumwa ufukweni zinaonekana kama taka, lakini hufunika mchanga na kuulinda. Kuzifagia zote ni kuuvua ufukwe nguo.

• Mikoko. Mizizi yake huvunja mawimbi na kutega matope. Kila aina ina mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari, mkoko hukaa kwenye matope yanayofunikwa na maji mara kwa mara, na mkandaa hukaa nyuma.

• Matuta ya mchanga na mimea yake. Tuta lililo nyuma ya ufukwe ni akiba. Dhoruba ikija, ufukwe hukopa mchanga hapo, na bahari ikitulia hurudisha. Mimea inayotambaa ndiyo inayoshika akiba hiyo. Matuta ya Shela, Lamu, yana kazi nyingine pia: huchuja na kutunza maji ya mvua ambayo watu wa mji hunywa. Kuchimba mchanga pale ni kuchimba kisima cha mji.

Mlinzi mmoja akiondoka, mzigo huwaangukia waliobaki.

BAHARI INAPANDA

Juu ya hayo yote, kuna badiliko linalohusu dunia nzima. Kati ya mwaka 1901 na 2018, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi inaongezeka. Sababu ni joto: maji ya bahari yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu huyeyuka.

Sentimita 20 zaweza kuonekana ndogo. Lakini kwenye ufukwe ulio tambarare, maji yakipanda kidogo husonga mbele sana. Maji ya chumvi huingia pia chini ya ardhi na kufika visimani na kwenye mashamba ya mpunga. Ufukwe wenye mchanga wa kutosha na walinzi wazima unaweza kusogea na kujirekebisha. Ufukwe ulionyang'anywa mchanga hauna cha kujirekebishia. Kijiji hakiwezi kuizuia bahari isipande. Kinaweza kuulinda uwezo wa ufukwe wake wa kuhimili.

JE, UKUTA NI DAWA?

Mara nyingi wananchi huomba wajengewe ukuta. Wakati mwingine ni lazima. Barabara kuu, hospitali au mji wa kale hauwezi kuhamishwa kirahisi. Huko Dar es Salaam, ukuta ulijengwa kando ya Barabara ya Barack Obama na kuzinduliwa mwaka 2018, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa hatarini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004. Yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati na kuyalinda.

Lakini ukuta hulinda kilicho nyuma yake, si ufukwe ulio mbele yake. Wimbi linalogonga ukuta hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga chini yake. Ufukwe hukonda, na kwenye miisho ya ukuta mmomonyoko huongezeka. Kabla ya kuunga mkono ukuta, ulizeni:

1. Mchanga wetu hutoka wapi, na huelekea wapi?
2. Ukuta huu utazuia mchanga wa nani?
3. Wavuvi watapandisha vyombo wapi? Akina mama wanaochokoa chaza na pweza watapita wapi?
4. Nani atautengeneza utakapobomoka?
5. Je, ni rahisi zaidi kusogeza jengo nyuma?

MAMBO AMBAYO JAMII INAWEZA KUFANYA

Acheni nafasi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ili kulinda mazingira hayo. Shule, zahanati, nyumba ya ibada au kisima kipya kisijengwe kwenye ukanda huo. Kiwanja cha bure karibu na bahari kinaweza kuwa ghali baadaye.

Zuieni uchimbaji wa mchanga ufukweni na midomoni mwa mito. Kamati ya kijiji iorodheshe sehemu zinazochimbwa na ikubaliane na vijana wanaotegemea kazi hiyo kuhusu njia nyingine ya kipato. Katazo lisilo na njia mbadala huvunjwa usiku.

Pandeni mikoko mahali panapofaa. Miche mingi hufa kwa sababu imepandwa kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, au juu ya nyasi bahari. Pandeni mahali ambapo mikoko iliwahi kuwapo, na chagueni aina iliyokuwapo. Mara nyingi kufungua njia ya maji iliyozibwa kunatosha, kwa sababu mbegu huja zenyewe. Wanavijiji wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wanatunza msitu wao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, na mapato ya hewa ukaa yamesaidia shule na maji.

Zungumzeni na watu wa juu ya mto. Mabwawa hutupatia umeme na maji, lakini bwawa lolote hukamata sehemu ya mchanga. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Jamii za delta zina sababu nzuri ya kuanza sasa kupima kingo zao, ili baada ya miaka kumi wawe na ushahidi wa kuzungumza nao.

PIMENI UFUKWE WENU

Kazi hii inaweza kufanywa na shule, kikundi cha vijana au kikundi cha usimamizi wa fukwe. Inahitaji kamba au futi ya kupimia, daftari, saa na machungwa mawili.

Kupima upana
• Chagueni vitu visivyohama, kama vile pembe ya jengo au jiwe kubwa, katika sehemu tatu za ufukwe. Vipakeni rangi.
• Kila mwezi, siku mbili baada ya mwezi kuandama, pimeni kutoka kwenye alama hadi mstari wa takataka ulioachwa na maji yalipojaa.
• Andikeni tarehe, vipimo na hali ya upepo. Pigeni picha mkiwa mmesimama mahali palepale.
• Endeleeni kwa mwaka mzima au zaidi. Vipimo vya miezi mitatu vitaonyesha msimu tu.

Kujua mchanga unakoelekea
• Tupeni chungwa mahali mawimbi yanapovunjika. Chungwa huelea na kubebwa na maji.
• Baada ya dakika tano, pimeni limesogea hatua ngapi na upande gani.
• Rudieni wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Linganisheni.

Baada ya mwaka mtakuwa na kitu ambacho vijiji vingi havina: ushahidi wenu wenyewe. Mkaguzi wa mazingira au mwekezaji akija na mchoro wa ukuta, daftari hilo liwekwe mezani kwanza.

MASWALI YA MAJADILIANO

• Wazee wa hapa wanakumbuka ufukwe ulikuwa wapi walipokuwa watoto? Nendeni nao mahali hapo mkaweke alama.
• Kati ya walinzi wanne wa pwani, nani bado yupo hapa kwetu? Nani amedhoofika, na kwa nini?
• Mchanga uliojenga nyumba zetu ulichimbwa wapi?
• Jirani zetu wa upande unakoelekea mchanga ni akina nani? Tumewahi kukaa nao kuzungumza kabla ya kujenga au kuchimba?
• Tukiwa na fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, tuanze na lipi?